Faili la Zamani Kwenye Msumari

Gereji ya baba pale Karatu ilikuwa na ukuta mmoja wa mbao usiokuwa na kalenda wala picha. Ulikuwa na misumari tu, na kila msumari umebeba kitu kibovu: fani belti iliyokatika, bushi iliyolika upande mmoja, pampu ya dizeli iliyopasuka shingo. Kila kimoja kimefungwa kamba ya katani na kipande cha boksi, na kwenye boksi baba ameandika kwa wino mwekundu namba ya gari na safari iliyokwenda.

Sheria yake ilikuwa moja. Spea ya zamani haitupwi mpaka ile mpya imekwenda safari na kurudi nyumbani. Gari likishuka kreta ya Ngorongoro, likapanda, dereva akapita kupiga honi mbele ya gereji, hapo ndipo baba anaitoa ile mbovu msumarini, anaweka tiki kwenye daftari lake na kuitupa kwenye pipa. Kabla ya hapo haigusi mtu. Alisema amewahi kuaibishwa na spea mpya mara mbili, na mara zote mbili aliyemwokoa ni ile kuukuu. Mama alikuwa anamwambia, "Na mimi siku ukinichoka nitundike hapo hapo, usinitupe haraka."

Mimi niliuona ule ukuta ni takataka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina kozi ya wiki sita ya kompyuta, na nilijiona nimeshaipita dunia ya kamba za katani. Naandika haya miaka michache baadaye, na shajara yangu ya wakati ule iko hapa mezani. Karibu kila ukurasa kuna mahali nimeandika "nimechoka kusubiri".

Kompyuta yenyewe ilikuja nyumbani kwa sababu ya magari. Kampuni moja ndogo ya utalii ilikuwa inahama ofisi, ikawa na kompyuta ya zamani isiyotakiwa na mtu, wakampa baba pamoja na printa ya sindano na disketi tatu. Kioo chake kilikuwa kizito kama mfuko wa simenti. Tuliiweka chumba cha mbele nilimokuwa nalala, waya ukapita dirishani mpaka kwenye jenereta ya gereji. Jenereta ikizimwa saa kumi na mbili jioni, na kompyuta imelala.

Baba alikuwa na jambo lake ambalo hakuwa anamwambia kila mtu. Alitaka kuwa dereva wa watalii, yule anayeongoza wageni na kuwaeleza wanyama, siyo wa kubeba mizigo. Yeye ni Mchaga wa Marangu, amekuja Karatu kijana, darasa la saba, na tangu hapo yuko chini ya magari. "Nimeshuka kreta mara nyingi kuliko hawa madereva nusu yao," alikuwa anasema, "ila mimi nikishuka naona tumbo la gari." Maana alikuwa anaitwa gari likikwama. Wageni wanapiga picha faru, yeye amelala kwenye vumbi anafungua nati.

Mwaka ule kampuni moja ya Arusha ilikubali kumsikiliza. Aende Jumamosi moja, miezi minne mbele, wamhoji kwa mdomo: wanyama, ndege, miti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa hiyo kwa miezi minne mimi na yeye tulikuwa tunaandika. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na madereva. Kila dereva aliyeleta gari aliulizwa maswali huku gari limeinuliwa na hana pa kukimbilia, na kesho yake asubuhi baba anakuja kunitamkia mimi nichape. Twiga, kwa Kiingereza hivi, Wamasai wanamwita olmeut, anakula hiki, anabeba mimba hivi. Faru, emuny. Alinitamkia polepole sana, akisimama katikati ya sentensi kufikiria, na mimi vidole vimeshafika mwisho vinamsubiri.

"Baba, sema basi."

"Nasema. Wewe ndiyo unakimbia."

Nilichapa kwa herufi kubwa ili asome bila kuhangaika na miwani. Utepe wa printa ulikuwa umefifia, tukakubaliana hatuprinti vipandevipande; tutaprinti mara moja tu, kazi ikiisha. Kurasa arobaini na kitu zikawa ndani ya ile kompyuta, na popote pengine hazipo. Jumapili ya wiki ya mwisho tukamaliza ndege wa majini. Baba akasema Jumatatu nimprintie, apate siku tano za kusoma.

Jumatatu asubuhi dereva mmoja, rafiki yake, akaniletea sidii aliyoachiwa na mgeni. Sauti za ndege wa Afrika Mashariki. "Mpe mzee wako ajisikilizie," akasema. Nikaona nimepata zawadi. Baba alikuwa ameenda Ganako kuangalia trekta la mtu. Nikasema nitaiweka kabla hajarudi, akiingia akute chumba kizima kinalia ndege, halafu nimkabidhi karatasi zake.

Sidii ikaanza kujiweka. Ikafika mahali ikasimama kuuliza. Kwa Kiingereza kirefu ilikuwa inasema kwamba faili inalotaka kuweka ni la zamani kuliko lililomo tayari, kwamba inashauri lililomo libaki, je, nakubali libaki? Sasa hivi naweza kuitafsiri vizuri hivyo. Siku ile niliona maneno mengi na vitufe, na kimojawapo kilikuwa kinasema kwa yote usiniulize tena. Nikabonyeza hicho, upande wa hapana. Sikusoma. Nilikuwa nachungulia dirishani kama baba anakuja.

Ikamaliza, ikaniambia nizime niwashe. Nilipowasha, picha ya kwanza ikaja vizuri, halafu nilipofungua programu ya kuchapia kikatokea kiboksi cha kijivu: kuna faili la mfumo halifai au halipo, programu haiwezi kufunguka. Jina lake lilikuwa refu na limeishia na DLL. Nikabonyeza sawa. Kikafunga. Nikafungua tena. Kiboksi kile kile. Nikazima, nikawasha, nikafungua mara tisa. Niliandika kwenye shajara kwamba ni mara tisa, kana kwamba kuna atakayekuja kunihukumu kwa hesabu hiyo.

Kwenye kozi tulifundishwa kwamba hayo mafaili ya DLL ni ya watu wote. Programu nyingi zinaazima faili moja, kama majirani na kinu kimoja cha kutwangia. Mmoja akileta mchi wake wa zamani na kuondoa mzuri, wote hawatwangi. Kwa hiyo nilijua nimefanya nini. Nilichokuwa sijui ni namna ya kumwambia baba.

Aliporudi akauliza, "Karatasi?"

"Utepe umegoma. Nautengeneza."

"Haya. Usiuharakishe ukakatika."

Jumanne akauliza tena na mimi nikasema utepe tena. Siku hiyo niliijaribu kompyuta kwa kila ujinga, nikaiondoa ile sidii nikidhani itarudisha ilichochukua. Haikurudisha. Baba alikaa nje kwenye tairi, midomo inachezacheza. Alikuwa anajisomea wanyama kichwani. Nilipopita na ndoo akanisimamisha. "Yule ndege mkubwa anayetembea, mzito, siyo mbuni. Mmasai ananiambia, mimi nimesahau Kiswahili chake."

"Tandawala."

"Tandawala. Kesho nikiwa na karatasi sitakusumbua."

Usiku ule sikula vizuri, na mama akasema nina minyoo.

Jumatano asubuhi nikaenda gereji. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo nje.

"Baba, kompyuta imekufa."

"Imekufa au haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi haijafa."

"Inawaka lakini haifungui ile kazi yetu. Inasema kuna faili halipo."

Spana ikanyamaza. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Jana uliniambia utepe."

"Nilidanganya."

Akajivuta mpaka akatoka, akakaa chini, akaanza kujifuta vidole kimoja kimoja na kitambaa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Gari likigonga, mama, lilete siku ile ile," akasema. Mimi ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Siku ya tatu unaniletea limevutwa. Haya. Uliweka nini?"

"Sidii ya sauti za ndege. Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza. Na ulitoa nini?"

"Sikutoa kitu."

"Hakuna anayeweka bila kutoa. Nafasi ni ile ile moja."

Nikamweleza. Kwamba iliniuliza, kwamba nikaiambia isiniulize tena.

"Mashine imekuuliza kwa adabu, wewe ukaiambia inyamaze."

"Ndiyo."

"Na spea ya zamani iko wapi?"

"Haipo, baba. Imefutwa pale pale. Kompyuta haina msumari."

Akatikisa kichwa. "Aliyetengeneza hii mashine hajawahi kukwama akalala kreta."

Halafu uso wake ukafunguka kidogo, akanyanyuka. Alikuwa amekumbuka zile disketi tatu. Siku kompyuta ilipoletwa, aliuliza hizo ni nini, nikamwambia ni mafaili yake ya asili, ya kuifufulia ikiharibika. Akazichukua kutoka mkononi mwangu, akasema hizo ni spea, zinakaa kwake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Akaingia ndani ya gereji, akatoka na lile bati lake la biskuti ambalo ndani yake huweka vitu asivyotaka mtu aazime. Akalifungua mbele yangu kwa fahari. Disketi zilikuwa zimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi, na juu yake, ili zisichezecheze bati likitikisika, ameweka sumaku. Ile sumaku kubwa ya spika anayotumia kuvulia nati zilizodondoka ndani ya injini.

Nadhani ni fundi magari tu anayeweza kufanya kosa hilo kwa upendo namna ile.

"Nini?" akauliza.

"Sumaku inafuta disketi, baba."

"Inafuta vipi, wakati haijagusa ndani?"

"Inafuta tu."

Tulienda kujaribu. Zote tatu zilikuwa tupu, kompyuta ikawa inauliza kama tunataka kuziandaa upya. Baba alisimama nyuma ya kiti changu amelishika lile bati.

"Kwa hiyo nimeziua mimi."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua."

"Mimi niliambiwa, sikusoma."

Akalifunga lile bati. "Mimi nilikunyang'anya mkononi, sikuuliza. Tuko wawili."

Nikamwambia njia iliyobaki ni kupata kompyuta nyingine ya aina ile ile, yenye mfumo ule ule, tukachukue faili zima kutoka kwake. Mjini sikuwa najua yenye umri ule. Za steshenari zote zilikuwa mpya zaidi. Baba ndiye aliyejua. Shule moja ya sekondari Endamarariek, alikotengeneza jenereta yao, walikuwa na kompyuta ofisini "yenye kichwa kama ya kwetu". Kulikuwa na gari la watu linalotakiwa kujaribiwa breki. Tukalijaribia njia ya Endamarariek.

Disketi mbili mpya nilizifunga kwenye mfuko wa rambo, nikauweka tumboni ndani ya sweta, maana vumbi la ile njia linaingia hata kwenye mawazo. Kwenye disketi moja nilikuwa nimenakili kazi yetu yenyewe kwa kupitia ile skrini nyeusi ya amri, nikitumaini shule wataifungua na kuiprinti, yaishe. Baba aliendesha anatamka. Simba, chui, duma, kila mmoja na Kiingereza chake, kwa mpangilio ule ule tulioandika. Nilishangaa. Alikuwa anajua kurasa nyingi kuliko nilivyodhani. Alipofika ndege wa majini akakwama.

"Hawa hawajakaa," akasema. "Niliwasema Jumapili, sijawaona tena." Akabadilisha gia. "Wakiniuliza hapo, nitarudi chini ya gari. Mgongo wangu hautaki tena huko chini."

Alikuwa hajawahi kunieleza habari za mgongo. Nilikuwa nimeona tu kwamba akitoka chini ya gari anakaa kwanza.

Karani wa shule alikuwa mama wa Kiiraqw, mrefu, sweta la kijani, anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Baba akaninong'oneza, "Ndege karani," yule wa miguu mirefu tuliyemwandika, nikamfinya. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imefunikwa vitambaa vya kufuma: kimoja juu ya kioo, kimoja juu ya boksi, kimoja kirefu juu ya kibodi. Alivitoa kimoja kimoja, akakunja kila kimoja mara nne. Mimi nimesimama nabadilisha miguu.

"Wewe binti, kaa."

"Siwezi kukaa, mama, tuna haraka."

"Una haraka au una jipu?"

Baba akacheka mpaka akatoka nje.

Kazi yetu ilipofunguliwa pale ikatoka vimraba na alama za ajabu, maana programu yao ya kuchapia ilikuwa ya aina nyingine. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa ni ule ule. Nilipomweleza karani nilivyobonyeza, akalitafuta lile faili la DLL, akalipata, na mimi nikalinakili kwenye disketi.

"Hilo tu?" akauliza.

"Hilo tu."

"Ulisema ulibonyeza kwa yote. Hayo mafaili ni kama mbuzi, hayatembei mmoja mmoja. Nenda kwanza uangalie mengine yaliyoguswa."

"Kiboksi kinataja hilo moja tu, mama. Asante sana." Na nimeshashika mlango.

Nyumbani nikaingia kwenye skrini nyeusi, kwa sababu mfumo ukiwa umeamka faili lake halikubali kubadilishwa. Ni kama kubadilisha tairi gari linatembea. Baba alikuwa amesimama pembeni. Nilipotaka kulifuta lile bovu akaweka mkono begani kwangu.

"Lining'inize kwanza."

"Baba, hili ni bovu."

"Najua ni bovu. Je, hilo jipya limeshakurudisha nyumbani?"

Basi badala ya kulifuta nikalibadilisha jina. Pale mwisho nilipotoa DLL nikaandika ZAM, yaani zamani. Halafu nikaweka jipya, nikawasha. Programu ya kuchapia ikaanza kufunguka. Nembo yake ikatokea. Nikashika mkono wa baba. Halafu kikaja kiboksi cha kijivu, na kilikuwa na jina la faili lingine.

Kwenye shajara ya Jumatano kuna sentensi moja: "Leo nilitaka kuipiga teke kompyuta nikapiga meza, kidole gumba kimevimba." Jenereta ilizimwa nikiwa bado nimekaa mbele ya kioo cheusi, na mama akanitengea uji bila kusema habari za minyoo.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta baba na chai na lile daftari la gereji. Amefungua ukurasa mpya. Pale panapoandikwa namba ya gari ameandika "Kompyuta ya nyumbani", chini amegawa safu tatu kwa rula: kilichotoka, kilichoingia, cha zamani kiko wapi. Mstari wa kwanza alikuwa ameshaujaza, jina la lile faili la jana, herufi kwa herufi, na mwisho wake ZAM.

"Sasa mimi nauliza," akasema. "Huyo fundi aliyetengeneza hiyo sidii. Akiingia kwenye mashine ya mtu, anafungua, anabadilisha, anaondoka. Haandiki popote?"

"Baba, hiyo siyo gereji."

"Fundi ni fundi. Anayefanya kazi ya watu bila kuandika hafiki mbali, na huyu amefika mpaka Karatu."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu vibaya. Nikaufunga, kwa sababu nilikumbuka kitu. Jumanne, nikiwa nahangaika, nilikuwa nimeona kwenye folda ya wale ndege kifaili kidogo ambacho hakikufutika, jina lake linaishia na LOG. Sikukifungua. Nilidhani ni uchafu uliobaki.

Baba akawasha jenereta. Nikakifungua kwenye skrini nyeusi. Kilikuwa ni daftari. Sidii ilikuwa imeandika kila ilichofanya, mstari kwa mstari: imeweka hiki, imeweka hiki, imebadilisha hiki. Nikashuka nayo polepole, kidole kwenye kioo. Yaliyobadilishwa yalikuwa matano, na kila moja na njia ya folda yake, tarehe na ukubwa.

"Kumbe ameandika," baba akasema, kama mtu aliyesikia habari njema ya ndugu asiyemjua. "Soma. Mimi naandika. Taratibu."

Nikamsomea taratibu. Nadhani ni mara ya kwanza nilimsomea taratibu.

Siku hiyo baba alikuwa na gari la watu linalotoka mchana, hakuweza kunipeleka. Nikapanda tipa la mchanga linaloenda Endamarariek, mbele pamoja na dereva, disketi kwenye kopo la majani ya chai, daftari la gereji mapajani. Karani aliponiona akaanza kukunja vitambaa bila kuuliza.

"Mbuzi wangapi?"

"Watano, mama. Mmoja ninaye. Wanne wamebaki."

"Ulikuwa unajua kuhesabu tangu jana?"

"Sikuhesabu jana."

Nilikaa. Tuliwatafuta mmoja mmoja, tukilinganisha jina, tarehe na ukubwa na alivyoandika baba. Mmoja alikuwa amejificha kwenye folda nyingine, na karani alikataa kunakili mwenye jina kama lake mpaka tumpate mwenyewe. Aliponisindikiza akanipa mbaazi mbichi kwenye gazeti, akasema nimpelekee ndege karani salamu. Nikajua alimsikia baba.

Saa nane mchana nilikuwa nimerudi. Faili la zamani naliita ZAM, jipya naliweka, baba anaweka kialama kwenye mstari wake. Lingine. Lingine. Tulipofika la tano nikawasha. Nembo ikatokea. Tukasubiri. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu ili isibonyeze kitu. Halafu ukurasa wa kwanza ukafunguka kwa herufi zake kubwa: TWIGA.

Baba akasema tu, "Ee bwana," na kukaa kitandani.

Printa ilipiga kelele mpaka karibu saa kumi na moja. Mama akauliza kutoka jikoni nani anachinja kuku. Utepe ulishikilia, ingawa kurasa za mwisho ilibidi uzitafute kwenye mwanga. Karatasi za ile printa zilikuwa zimeungana, ukurasa na ukurasa, na nilipotaka kuzichana baba akakataa. Ijumaa nilimkuta gereji amezitandaza kwenye ule ukuta, msumari hadi msumari, juu ya fani belti na bushi, na yeye anatembea taratibu kutoka twiga kwenda faru kwenda ndege, anafika mlangoni, anarudi.

Mchana nikajaribu ile sidii, kwa sababu sasa niliweza kuiweka upya na kusoma kila kilichoulizwa. Safari hii nilijibu ndiyo, yaliyopo yabaki. Nikamwita. Nikapiga sauti ya kwanza bila kumwonyesha jina.

Akainamisha kichwa. "Taji. Korongo taji."

Nikapiga nyingine.

"Huyo sijui jina, lakini namjua. Alikuwa analia siku nilipobadilisha klachi kule chini, karibu na maji. Nani huyo?"

Nikamwambia jina, na Kiingereza chake. Alikuwa mmoja wa wale ndege wa majini waliokataa kukaa. Nikapiga wengine. Karibu wote aliwajua hivyo, kila mmoja na gari lake: huyu wa springi, huyu wa rejeta iliyovuja. Miaka yote ile amelala chini ya magari hakuona kitu, lakini masikio yalikuwa nje. Tulikaa pale mpaka jenereta ilipozimwa, mimi namtajia jina na yeye anaunganisha na spea, na sikuangalia saa hata mara moja.

Jumamosi aliondoka alfajiri na shati jeupe lililopigwa pasi na mama mara mbili. Karatasi aliziacha ukutani. Alisema akienda nazo atazitegemea.

Alirudi jioni, kabla ya saa kumi na mbili. Akaenda kwanza kunawa mikono, ingawa siku hiyo haikuwa na grisi. Ni mazoea tu. Mama akamfuata na taulo.

"Basi sema, mzee, usitufanye wagonjwa."

"Wamenichukua," akasema, anajifuta kidole kimoja kimoja. "Miezi mitatu nakaa kiti cha pembeni na dereva mzoefu. Halafu wananipa gari." Akanigeukia. "Waliniuliza ndege wa majini. Wanne. Mmoja nilimkosa."

"Yupi?"

"Yule wa rejeta."

Mama akasema anakwenda kuchinja kuku kweli sasa, tusiseme tena ni printa.

Baba akaingia gereji, akatoka na daftari. Akafungua ukurasa wa kompyuta, akaweka tiki kwenye kila mstari, tano, kwa wino mwekundu. "Imekwenda, imerudi," akasema. "Sasa hayo ya zamani tupa."

Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Nikakaa. Kila faili la ZAM nililotaka kulifuta, kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, na kila mara nilisoma swali zima mpaka nukta. Nikafuta manne. La tano, lile la kwanza lililotuangusha Jumatatu, nikalinakili kwenye disketi kabla ya kulifuta, nikaitoboa disketi pembeni, nikapitisha kamba ya katani, nikaenda kuitundika kwenye msumari uliokuwa wazi.

Baba aliiona kesho yake. Alikata kipande cha boksi, akaandika "Kompyuta ya nyumbani. Safari: Arusha", akakifunga kwenye kamba, na ile sumaku yake iliyokuwa karibu akaihamishia ukuta wa upande wa pili, mbali na disketi.